Muulize Fundi wa Sauti: Spika za Kuning'inizwa

SWALI: Shikamoo fundi. Kwenye matamasha siku hizi spika zinaning'inizwa kama mkungu wa ndizi. Nani alianzisha? Na mimi mwenye ukumbi wa watu 200, ninunue?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Walioueneza mtindo huu ni kampuni ya Kifaransa, L-Acoustics, iliyoanzishwa mwaka 1984 na Christian Heil. Huyu hakutokea disko; alisomea fizikia ya chembe hadi udaktari. Kilichomkera ndicho kinachonikera mimi kwenye maharusi: ukirundika makasha ya spika, sauti zinagombana. Hapa zinavuma, hatua mbili mbele zinafutana.

Ugumu hasa ulikuwa kwenye sauti nyembamba. Wimbi la hezi 16,000 (mitetemo 16,000 kwa sekunde) lina urefu wa sentimita 2 hivi, na ili spika nyingi ziimbe kama moja, nafasi kati yake isizidi nusu ya hapo. Kwa spika za kawaida utazipanga vipi? Heil akabuni mfereji ndani ya kasha, ambamo sauti husafiri umbali ule ule kwa kila njia, ikatoka kwa pamoja kama utepe uliosimama. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Marcel Urban waliwasilisha nadharia hiyo Vienna, Austria, na kasha la spika la kampuni yake, V-DOSC, likaifikisha majukwaani.

Umbali ukiongezeka maradufu, spika moja hupoteza desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Safu ndefu ya spika za kuning'inizwa hupoteza kama 3, ingawa hiyo ina mpaka wake, na besi hainufaiki sana.

Kwa ukumbi wako, usihangaike. Nunua spika mbili nzuri na stendi imara, uzipandishe juu ya vichwa vya wageni.