Dubu asiye na manyoya

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa kwetu, hata miezi mitatu hajamaliza hapa Toronto, alinisogezea simu mezani. "Kaka, hapa niandike nini?" Alikuwa anafungua akaunti ya Grindr, programu ya simu ya wanaume wanaotafuta wanaume wenzao, na amekwama penye orodha ambayo wenyewe wanaiita ya makabila. Mkenya ukimuuliza kabila lake lazima ashtuke kidogo, maana swali hilo tunajua huwa linaishia wapi. Ila hapa makabila ni ya miili. Dubu ni mwanamume mnene mwenye manyoya. Fisi maji ana manyoya lakini ni mwembamba. Twinki ni kijana mwembamba, laini, kidevu hakijaota kitu. Halafu katikati ya orodha hiyohiyo wameweka na wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kana kwamba hiyo nayo ni aina ya umbo.

(Mombasa ukimwita mtu fisi jiandae kwa ugomvi. Huku watu wanajiandika wenyewe, na picha juu.)

Nilicheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu nimeshakuwa karibu kila kitu kwenye orodha ile bila kuomba.

Nilikuja mwaka 2011, nina miaka 23 na kilo 58. Nyumbani Majengo walikuwa wakiniita ng'onda. Wembamba haukuwa sifa: nimekulia miaka ya tisini, wakati mtu akikonda tu majirani wanaanza kunong'ona kuwa amekanyaga waya. Uganda Ukimwi wenyewe waliuita Silimu, kutokana na huko kukonda. Basi fikiria nimeingia baa ya Church Street, mtaa wa mashoga wa hapa Toronto, kwa mara ya kwanza na mwili uleule wa kunong'onewa, watu wananinunulia vinywaji! Nikaambiwa mimi ni twinki. Sikujua maana yake, lakini nilijua napendwa, na hilo kwangu lilikuwa jipya.

Tatizo ni kwamba utwinki una tarehe ya mwisho, kama maziwa. Nilipofika miaka 28 tumbo lilianza kuchomoza, nikaona simu imekuwa kimya. Nikaamua kupigana. Asubuhi kahawa nyeusi, mchana yai moja la kuchemsha, usiku najidanganya kuwa sina njaa. Kila siku napanda mizani mara nne, tano. Nilipunguza kilo 11 na watu wakanipongeza, hicho ndicho kilichonimaliza. Siku moja kazini, ghalani, nilikuwa nimeshika boksi la viatu. Kitu kinachofuata ninachokumbuka ni saruji baridi shavuni na msimamizi ananiita jina. Daktari aliyenipokea hakuniuliza juu ya kukonda kabisa. Aliniuliza kama natumia madawa ya kulevya. Ilibidi niseme mwenyewe, kwa aibu: sili, naogopa kunenepa. Ndipo akanielekeza kwa mtaalamu.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukijikuta unapanga siku yako yote kuzunguka mizani, au unatapika makusudi, au unaingia jimu na homa kwa sababu umekosa siku moja, usingoje uanguke. Huo ni ugonjwa, una matibabu, na wanaume tunaupata. Tena uutamke kwa daktari waziwazi, maana mwanaume, na mweusi, watakutafutia kila ugonjwa kabla ya huo.

Nilipopona nilinenepa. Leo nina kilo 94 na mamangu akiniona kwenye video anasema, "Mashaallah, umenawiri mwanangu." Marafiki wa huku wakaniambia sasa wewe ni dubu, hongera. Nikaenda kusoma udubu umetoka wapi, na nikawaheshimu wale wazee. San Francisco, mwaka 1987, ndipo jarida lao lilipoanza, katikati ya miaka ya mazishi ya Ukimwi. Ukonde ulikuwa umekuwa sura ya kifo kule kama ulivyokuwa kwetu, na matangazo yalijaa vijana waliochongwa kama sanamu. Wakajitokeza wanaume wenye vitambi na ndevu wakasema na sisi tunatamanika. Mwaka 1995 wakapata na bendera yao, mistari ya rangi za manyoya na unyayo wa dubu pembeni.

Lakini mimi manyoya sina. Hata malaika ya mkononi ni ya kutafuta kwa tochi. Kwenye sherehe yao ya kwanza niliyokwenda, bwana mmoja alinipigapiga tumbo bila salamu, akanifungua kifungo cha shati kuangalia kifuani, kisha akasema, "Aa, pole," na kwenda zake. Nilisimama na kifungo wazi kama mbuzi aliyekataliwa mnadani. Watu waliofukuzwa mlango mmoja wamejenga wao, wakaweka na mlinzi.

Linalonichosha zaidi ni jinsi umbo linavyosomwa kitandani. Pwani tunalijua hili vizuri sana: kipande cha mtu ndiye basha, wa juu, mwembamba ndiye shoga, wa chini, na hakuna aliyeuliza. Nilidhani nimeliacha Likoni. Huku limeningoja kwa majina mengine, na kwangu limeongezewa rangi: tangu ninenepe wazungu wanadhani nitakuwa mkali, wanataka niwatishe, wanauliza vipimo vya chini ya mkanda kabla hawajauliza jina. Mimi ni mtu wa kulala mapema na kukumbatiwa. Nimejifunza kusema hivyo kwenye ujumbe wa pili au wa tatu, kwa maneno matupu, na mwenzangu naye namuuliza. Wengi hukimbia. Wanaobaki tunaokoa nauli.

Na nilipoanza kulalamika juu ya wengine, nikakumbuka kichujio changu mwenyewe kwenye Grindr. Kwa miaka miwili nilikuwa nimechuja wanene wote wasionekane, mimi nikiwa na kilo 90! Nilikiondoa. Mume niliye naye leo nisingemwona.

Yule kijana nilimwambia aache pale wazi, aandike anapenda kupika nini, anaogopa nini kuhusu baridi. Akafikiri, akatabasamu, akachagua twinki. "Kaka, wacha na mimi nipendwe kidogo." Ningemjibu nini? Nami nilipendwa. Chapati zikaletwa na maharage ya nazi, nikawa namtazama kwa pembe ya jicho. Alikula mbili, akafuta sahani kwa kipande cha tatu, akauliza kama zimebaki.