Augmentin ya maji: soma namba kabla ya kuhesabu mililita

Dada, pole na kuuguza. Umesema mwanao wa mwaka mmoja na nusu kaandikiwa Augmentin ya maji kwa ajili ya sikio, ml 5 asubuhi na jioni kwa siku kumi. Dukani ukapewa chupa ya unga ukaichanganya mwenyewe kwa kukisia, nyumbani huna friji, na tangu juzi mtoto anaharisha. Mimi si daktari wala mfamasia. Ni baba wa watoto watatu, na huyu wa pili masikio yake yalitupeleka hospitali hadi tukazoeleka getini. Ninayokwambia mengi nimeyajua baada ya kuyakosea.

Kosa langu kubwa lilikuwa namba. Mtoto alikuwa na kilo 12, daktari akaandika Augmentin namba 228 (ndiyo nguvu ya dawa, huandikwa kwenye boksi), ml 5 mara mbili kwa siku, siku kumi kama wewe. Chupa ya ml 70 inakwisha siku ya saba. Siku ya nane nikapita duka jingine nikitoka kazini, cheti nimekiacha nyumbani, nikataja jina la dawa tu. Nikapewa. Boksi lilifanana na la kwanza, jina lilelile, nami nikaendelea na ml 5 zangu kama kawaida. Siku ya kumi mtoto anaharisha hadi nguo za kubadilisha zimekwisha. Mama yake ndiye aliyeyapanga maboksi mawili mezani akaniuliza, "Baba, hizi namba mbona hazifanani?" La kwanza 228, la pili 457. Yaani kijiko kilekile, dawa mara mbili.

Tangu hapo namba hizo nazijua kwa moyo. Dawa hii ni mbili ndani ya chupa moja: amoksilini na asidi ya klavulaniki. 228 maana yake kila ml 5 zina mg 200 za amoksilini na 28.5 za klavulaniki. 457 ni 400 na 57. Kuna na 156, ambayo ni 125 na 31.25, na hiyo kwa kawaida huandikwa mara tatu kwa siku. Kwa hiyo mtu akikwambia "mpe ml 5" bila kutaja namba, bado hajakwambia kitu. Na daktari anapiga hesabu kwa kilo za mtoto, ndiyo maana dozi ya mtoto wa jirani haikuhusu hata kama wamezaliwa wiki moja.

Hiyo klavulaniki kazi yake ni kinga. Baadhi ya bakteria hutoa kimeng'enya kinachoivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Klavulaniki inatangulia kupokea kipigo ili mwenzake apite. Ila ndiyo hiyo inayochafua tumbo, na ndiyo inayoharibika upesi kwa joto na unyevu. Unga ukiwa mkavu hauna shida. Ukishatia maji, siku zinaanza kuhesabiwa: chupa nyingi zinasema siku saba ndani ya friji, nyuzi 2 hadi 8, nyingine siku kumi. Soma yako. Ndiyo maana ukinunua chupa mbili kwa pamoja usikubali wazichanganye zote dukani kwa wema wao. Ya pili ibaki unga hadi siku ya kuianza.

Kuchanganya: gongagonga chupa kwanza ili unga uachane na kitako. Maji yawe yamechemshwa na kupoa kabisa, si ya uvuguvugu. Tia kama nusu, funga, tikisa kwa nguvu. Halafu ngoja. Hapa wengi tunakosea, kwa sababu povu linapanda hadi kwenye mstari unadhani umefika, kumbe dawa yenyewe iko chini, na kila kijiko kitakuwa kikali kuliko kilivyokusudiwa. Povu likitulia ndipo unaongeza hadi mstarini na kutikisa tena. Andika tarehe kwenye lebo. Ukiwa na wasiwasi, mwambie mfamasia achanganye mbele yako, hiyo ni kazi yake. Hii ya kwako iliyokisiwa mimi nisingeendelea nayo kabla hajaiona.

Friji nasi hatukuwa nayo. Tulikuwa tunaiweka kwa mama mmoja wa nyumba ya pili, ndani ya mfuko ulioandikwa jina la mtoto, rafu ya kati, kamwe si kwenye barafu. Mtungi wa maji ya kunywa unapoza, lakini haufiki nyuzi 8. Kama huna jirani wa hivyo, mwambie daktari waziwazi, anaweza kuona kama kuna dawa nyingine inayofaa, mathalani vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Usibadilishe mwenyewe.

Kupima, tumia sirinji isiyo na sindano. Nilivijaribu vijiko vyetu vya chai: kimoja kilibeba ml 3 na nusu, kingine 6. Tikisa chupa kila mara, mpe mtoto anapoanza kula, tumbo linavumilia zaidi. Sikio likiacha kuuma siku ya tatu, endelea hadi siku alizoandika daktari, na kitakachobaki kisihifadhiwe kwa ajili ya mdogo wake.

Kuharisha kidogo ni kawaida kwa dawa hii. Mpe ORS, aendelee kunyonya na kula. Lakini ukiona damu, au macho yamezama, hakojoi, amelegea, mpeleke leo hii. Na akitoka vipele vya kuwasha, uso kuvimba au kupumua kwa shida, usimpe tone jingine, kimbia hospitali, huenda ni aleji ya penisilini, jamii ambayo amoksilini imo. Kama amewahi kuipata zamani kwa dawa ya jamii hiyo, au macho au ngozi viligeuka manjano alipoitumia Augmentin, daktari anapaswa kujua kabla.

Kwa sasa chukua chupa na cheti uviweke pamoja. Kama namba hazifanani, au cheti hakina namba kabisa, piga simu ulikoandikiwa kabla ya dozi ya jioni, na uwatajie kilo za mtoto.