Haibridi Inanusa Mafuta, Lakini Inataka Kupumua

Nina Corolla ya zamani ya 1.5. Asubuhi napeleka watoto shule mjini, nakwenda kazini Gungu, jioni napitia Ujiji. Nataka Axio haibridi. Nitaona tofauti kweli, au ni maneno ya madalali? (Mama wa watatu, Mwanga, Kigoma)

Utaiona, dada yangu, kwa sababu safari zako ndizo haibridi, yaani gari lenye injini ya petroli na mota ya umeme, inazozipenda. Gari la kawaida hupoteza mafuta kwenye kuondoka, kusimama na kusubiri. Ukishuka kutoka Mwanga kuelekea stesheni, Corolla yako inageuza mteremko wote kuwa joto la padi za breki. Kwenye Axio haibridi mota inageuka jenereta, inarudisha umeme kwenye betri kubwa, na umeme huohuo unakusukuma ukianza kupanda kurudi nyumbani. Ila breki uikanyage mapema na polepole. Ukichelewa ukaikanyaga kwa nguvu, kazi inafanywa na padi na umeme huo umeupoteza. Na acheni kushuka mjini kwa gia ya B mkidhani inachaji zaidi. B inaizungusha injini ili izuie gari kwenye mteremko mrefu na mkali, basi.

Usidanganywe na kilomita 33 kwa lita zilizoandikwa kwenye matangazo ya Japani ya 2013. Zile ni za maabara. Ukipata 20 kwenye vilima vyetu, gari lako ni zima. Halafu unganisha safari zako: injini ikiwa baridi huwaka hata kama betri imejaa, ili ijipashe moto. Mtu anayekwenda sokoni, anarudi, anapumzika, kisha anatoka tena kununua vocha, hatauona utamu wa gari hili.

Kabla ya kulipa, dai karatasi ya mnada, ile inayoandikwa hali ya gari na kilomita zake linapouzwa Japani, na uilinganishe na kilomita za dashibodi. Gari la 2013 lenye kilomita 40,000 na usukani uliochubuka halikutembea kilomita 40,000 tu, limetembea zaidi.

Haibridi nitaichajia wapi wakati huku umeme unakatika? (Bangwe)

Axio, Aqua na Prius za kawaida hazichomekwi popote. Zinajichaji zenyewe kwa injini na breki. Swali hili nimeshalijibu humu mara nyingi, tafadhali someni majibu yaliyopita kabla ya kuandika.

Nina Prius ya 2010. Nabeba mawese na dagaa kupeleka Kasulu. Feni ya nyuma inavuma sana, gari limeanza kula mafuta na taa nyekundu inawaka. Fundi anasema betri kubwa imekufa, ninunue nyingine. (Mfanyabiashara, Mwandiga)

Usitoe hela bado. Kwenye Prius yako betri kubwa imelala nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma, chini ya sakafu ya buti. Inapozwa na hewa ya ndani ya gari, na feni inaivuta hewa hiyo kupitia tundu lililo pembeni mwa kiti cha nyuma. Kaa hapo nyuma uangalie: naamini utakuta gunia limeegemea tundu hilo, na ndani vumbi limegandamana na nyuzi za kiti mpaka mapanga ya feni yamekuwa mazito kama blanketi lililolowa. Betri hizi za nikeli zinauawa na joto kabla ya uzee. Feni ikivuma inakuomba hewa, na wewe umeongeza sauti ya redio.

Mawese ndiyo yananiogopesha zaidi. Dumu likivuja, mafuta yanapenya zulia na kushuka kwenye betri na nyaya zake, yanakusanya vumbi, na kusafisha hapo si kazi ya kitambaa na sabuni. Beba madumu ndani ya beseni la plastiki lenye kingo ndefu, au tafuta gari la mizigo. Gari la familia si kirikuu.

Sasa fanya hivi. Feni ifunguliwe, isafishwe kwa brashi na upepo mkavu. Kisha gari lipimwe kwa mashine inayosoma volti za betri kipande kwa kipande. Prius yako inaonyesha vipande 14. Kama kimoja kimeachana na wenzake, hapo tuzungumze kuhusu betri. Fundi aliyetangaza kifo bila kukuonyesha namba hizo amekisia tu, na anakisia kwa pesa yako. Kubadilisha kipande kimoja kwa kingine cha mtumba kunakupa muda, hakukupi betri mpya.

Fundi wangu anasema anaweza kuitoa betri kubwa, Aqua yangu itembee kwa injini peke yake. Nimruhusu? (Katonga)

Hapana, na mtafute mwingine. Gari hilo halina stata wala altaneta. Injini inawashwa na mota inayokula umeme wa betri hiyohiyo, kwa hiyo ukiitoa umebaki na banda la kuku. Tena ni hatari: betri ya Aqua ina volti 144, na inveta, kifaa kinachoutayarisha umeme kwa ajili ya mota, inazipandisha hadi 520. Waya za rangi ya chungwa haziguswi na mtu asiye na glovu za umeme, ambaye hakuchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri na kusubiri dakika 10. Vijana wetu wa gereji wanajifunza kwa kubahatisha, na umeme huu haumpi mtu nafasi ya kubahatisha mara ya pili.

Nasafiri kila wiki Kigoma hadi Kakonko. Haibridi? (Afisa mifugo)

Kwa mwendo wa mfululizo injini inafanya kazi karibu muda wote, na faida inapungua sana. Nunua gari la kawaida lililoinuka, pesa itakayobaki weka kwenye tairi.

Prius yangu imekaa mwezi mzima, haiwaki kabisa. Betri kubwa? (Ujiji)

Karibu kila mara ni ile ndogo ya volti 12 iliyo ndani ya buti. Ipime kwanza. Ukinunua nyingine, iwe yenye mpira wa kutoa gesi nje.

Wanaojaza gesi ya AC mjini wanafaa kwa haibridi? (Kibirizi)

Waulize wanatumia oili gani. Kompresa ya haibridi ya Toyota inaendeshwa na umeme mkubwa na inataka ND-11, isiyopitisha umeme. Oili ya kawaida ikiingia, umeme unavuja na mfumo mzima unaweza kuzima. Kama hawaijui ND-11, shusha vioo, endesha hivyohivyo mpaka umpate anayeijua.