Umelinoa? Maswali na majibu ya mapanga, visu na mashoka

Likizo inakaribia, watu wanafunga mahema, na maswali yamerundikana mezani. Nimepokea 23. Kati ya hayo, 11 yanauliza "ninunue nini?" na moja tu ndilo limegusa kunoa, tena kwa bahati. Naanza na hilo, na sifichi kwamba ni upendeleo.

Nilinunua panga jipya Owino wiki iliyopita na halikati hata mgomba. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Mukono)

Umelinoa? Panga jipya ni bati nene lenye mpini. Kiwandani hulipitisha kwenye jiwe mara moja, pengine wasilipitishe kabisa, kwa sababu wanajua mkulima atalitengeneza mwenyewe nyumbani. Bibi yako alijua hivyo. Wewe umeliona linang'aa ukadhani limekamilika.

Nunua tupa bapa ya inchi 8 au 10, kisha itie mpini kabla ya kuitumia, maana ule mkia wake mkali ukikuingia kiganjani utanikumbuka. Laza panga juu ya gogo, likandamize kwa goti, makali yatazame nje, mbali nawe. Sasa chukua kalamu nene ya wino mweusi upake ukingo wote. Weka tupa wima juu ya makali: hapo ni nyuzi 90. Ilaze nusu, ni 45. Ilaze nusu tena, uko kwenye 22 hivi, na hapo ndipo pa kazi. Sukuma kwenda mbele tu, inua wakati wa kurudi. Meno ya tupa hukata upande mmoja, na anayeisugua huku na huku kama msumeno anaiua tupa bure. Baada ya misukumo michache angalia wino. Ukiwa umetoka juu, mbali na ukingo, umeilaza tupa mno. Ukitoka kwenye ncha kabisa ya makali, umeisimamisha mno.

Endelea mpaka upitishe kidole gumba upande wa pili, kutoka ubavuni kwenda nje, na uhisi unyuzi mwembamba wa chuma uliojikunja. Ukiusikia kwa urefu wote, geuza panga. Ukiusikia katikati tu, bado hujamaliza, hata kama mkono umechoka. Mwisho pitisha kinoo chenye maji, upande huu na ule, mara chache na kwa wepesi. Inchi tatu zilizo karibu na mpini mimi huziacha nusu butu, kwa sababu hapo ndipo kidole huteleza.

Na hili hukuliuliza: usimpelekee panga kijana mwenye grinda ya umeme. Nilimpa mmoja shoka aliloniachia baba, nikaenda kununua chapati, niliporudi makali yalikuwa yana rangi ya buluu kama mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi. Chuma kikifika rangi hiyo kimepita nyuzi joto 300 au karibu yake, na kama kilikuwa kimekolezwa vizuri, yaani kimetiwa ugumu, sehemu kubwa ya ule ugumu imeondoka. Linang'aa, linanyoa nywele za mkono siku hiyo, na kesho yake makali yamejikunja kwenye fundo la kwanza la mti. Ilinibidi niondoe chuma kwa tupa karibu milimita tatu nzima ndipo nikafika pazuri. Yule mzee wa baiskeli anayezungusha jiwe kwa pedali ni afadhali mara kumi, hasa kama ana kopo la maji linalodondokea jiwe. Jiwe lake linakwenda polepole. Chuma hakiungui.

Shoka lipi bora kwa kambi, la Sweden au la mafundi wa Katwe? Nina bajeti. (Msomaji, Ntinda)

Una bajeti, hongera. Shoka la nini?

Nauliza kwa dhati. Mashoka mazuri ya Sweden, kama yale ya Gränsfors Bruk ambao wako kazini tangu 1902, yalitengenezwa kwa ajili ya watu ambao moto ukizimika usiku wa baridi kali wanakufa. Wanahitaji magogo ya kuwaka mpaka asubuhi, na gogo hulipasui kwa kisu. Wewe unakwenda kulala juma moja kando ya Nile, unapika chai na posho (ugali), unakaa kuzungumza, unalala. Kuni zako ni unene wa kifundo cha mkono. Panga lililonolewa na msumeno mdogo wa kukunja vinamaliza kazi hiyo, vina uzito mdogo, na ukichoka havikurudii mguuni.

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Kila mtu anataka kile kishoka cha mpini mfupi kwa sababu kinaingia kwenye begi na kinapendeza kwenye picha. Kishoka kifupi ndicho cha hatari zaidi kuliko shoka refu. Shoka refu ukikosa gogo, mzunguko wake unaishia ardhini mbele yako. Kifupi ukikosa, mzunguko unaishia kwenye ugoko. Ukilazimika kukitumia kupasua, piga magoti, weka kuni juu ya gogo jingine, ili ukikosa kipige udongo.

Kama bado unalitaka shoka, la Katwe halina aibu. Mengi hutokana na springi za magari, na springi ni chuma kizuri sana kikikolezwa na mtu anayejua. Shida ni huyo "anayejua". Nenda na tupa yako. Ijaribu pembeni mwa makali: ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na kitameguka. Ikizama kama kwenye siagi, ni laini. Unataka tupa ing'ate lakini kwa ubishi. Fundi akikukataza kujaribu, mshukuru uende kibanda kinachofuata. Kisha angalia mpini kwa nyuma, pale mwisho: mistari ya mti iende sambamba na makali, isikatize kushoto kwenda kulia. Mpini wa mpera au mbuni uliokaushwa vizuri unashinda wa mkaratusi mbichi uliopakwa vanishi kuficha ubichi wake. Wahenga walisema shoka lisilo mpini halichanji kuni. Lenye mpini mbaya linachanja mtu.

Kichwa cha shoka langu kinacheza. Nimekuwa nikiliweka kwenye ndoo ya maji usiku. Nifanyeje? (Wasomaji wanne, miji minne)

Wanne! Na mwezi uliopita walikuwa watatu.

Acheni ndoo. Mti ukinywa maji hufura, na kwa kuwa tundu la chuma halipanuki, nyuzi za mti zinajibana na kupondeka. Ukikauka unasinyaa kuliko mwanzo, kichwa kinacheza zaidi, nawe unarudi kwenye ndoo. Ng'oa mpini, uchonge upya au ununue mwingine, uache ukauke wiki kadhaa mahali penye kivuli, uingize, kisha ugongee kabari ya mti mkavu juu. Mafuta ya kitani yanasaidia. Msumari hausaidii. Na hata siku moja usitumie shoka ambalo kichwa kinacheza "kidogo tu". Hakuna kidogo kwenye kilo moja ya chuma inayoruka kuelekea wanaopika.

Naweza kubeba kisu kwenye ndege kutoka Entebbe?

Begi la mkononi, hapana. Mzigo mkubwa unaokwenda chini ya ndege, ndiyo, kikiwa ndani ya ala na kimefungwa.

Na wale mnaosafiri kwa basi: panga lisishikwe mkononi wala kuchomoza kwenye mfuko. Baada ya yale mauaji ya mapanga Masaka mwaka 2021, wazee wetu wakichinjwa majumbani, watu wana haki ya kushtuka wakikuona, na askari barabarani ana haki ya kukuuliza. Pasua kipande cha mpira wa kumwagilia maji, uvishe makali, ufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uweke chini kabisa ya begi pamoja na hema. Hema linaeleza habari yako kabla hujafungua mdomo.

Tunakwenda Murchison Falls, vijana sita. Kuni tukate upande gani wa mto? (Msomaji, Gulu)

Upande wa nje wa geti. Mnunue.

Ndani ya hifadhi ya taifa hamkati mti bila ruhusa ya UWA, mamlaka ya wanyamapori, iwe kusini au kaskazini mwa Nile. Waulizeni pale getini kuni zinapatikanaje kambini, na waonyesheni mapanga yenu mapema. Murchison ina historia ndefu ya mitego ya waya ya majangili, kwa hiyo askari wa wanyamapori akikukuta vichakani na panga begani hatasema "karibu mpiga kambi." Atakulaza chini kwanza, maelezo yatafuata.

Msitu wa Mabira nao una mwenyewe, ni NFA, mamlaka ya misitu. Na kwa kuwa unaandika kutoka Gulu, nina neno jingine: mti wa moyaa, yaani mshea, ule wa mafuta, usiuguse hata tawi. Amri ya rais ya Mei 2023 iliyozuia mkaa wa biashara huko kaskazini haikutoka hewani. Mshea huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa vizuri, na kijana wa mjini anaumaliza kwa dakika ishirini apike nyama ya kuchoma. Hata hiyo nyama haitakuwa tamu zaidi.

Mkienda upande wa hifadhi ya Queen Elizabeth mtakutana na ile miti mirefu yenye mikono kama kinara cha mishumaa, imejaa tele. Usiikate, usiifanye kuni, usiichonge. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni unaweza kukupofusha. Osha kwa maji mengi papo hapo, na uende hospitali ukiwa bado unaosha.

Kisu kimoja tu, nikiwa na hela ya kimoja. Niambie jina. (Msomaji, Mbarara)

Mora. Cha Sweden, makali ya inchi 4, hakikunji. Ukikosa, kisu chochote kisichokunja ambacho mkia wake wa chuma unafika mwisho wa mpini au karibu, unene usiozidi milimita tatu. Kama unavua samaki Kalangala, chukua cha chuma kisichoshika kutu. Kama uko tayari kukifuta na kukipaka mafuta ya cherehani kila jioni, chuma cha kawaida kinanoleka kwa urahisi zaidi. Usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi: ngozi hushika unyevu, na kwa mvua zetu utakikuta kimeota madoa.

Vile visu vya sinema vyenye meno mgongoni na dira kwenye kitako, ndani ya mpini mkiwa na ndoano na kiberiti? Mpini wenye uwazi ndani hauna mkia wa chuma. Utakatikia mkononi siku ya kwanza ukikigongea kuni. Bei yake ungepata Mora na tupa, na chenji.

Mwanangu ana miaka tisa, ni skauti, wanakwenda kambi ya skauti ya Kaazi. Anataka kisu. Mume wangu anasema mtoto akililia wembe mpe. (Mama, Jinja)

Dada yangu, huyo mume msalimie. Methali hiyo ni ya mtu aliyechoka kulea.

Mpe kisu, ndiyo, ila kaa naye. Kidogo, kisichokunja, na kikali. Kikali, sikukosea: kisu butu humfanya mtoto asukume kwa nguvu zote, na nguvu hizo zikiteleza ndizo zinazoumiza. Siku ya kwanza asikate kitu. Afundishwe kukaa chini, viwiko juu ya magoti, ili makali yakipita yaende hewani mbele ya magoti, yasiende katikati ya mapaja. Ndani ya paja kuna mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika hamna muda wa kutafuta boda. Kisha anyooshe mkono wenye kisu kikiwa ndani ya ala, azunguke: akimgusa mtu, hakuna kuchonga mpaka mtu huyo asogee. Kumpa mwenzake, mpini mbele, na asiachie mpaka mwenzake aseme "nimeshika."

Baada ya hapo mpe kijiti cha mpera, mwambie achonge ncha. Atachonga vijiti arobaini. Usimzuie.

Mwenzetu alijikata mguuni, tukatia kahawa ya unga, damu ikasimama. Ni dawa nzuri? (Msomaji, Mbale)

Hapana. Kilichosimamisha damu ni mikono yenu iliyokuwa inakandamiza ile kahawa. Kitambaa safi, kandamiza moja kwa moja juu ya jeraha dakika kumi bila kuchungulia, inua mguu. Kahawa, mafuta ya taa, udongo, majivu, vyote viacheni jikoni. Muulizeni lini alichomwa sindano ya pepopunda. Kama hakumbuki, aende leo, si Jumatatu.

Afande, yale mapanga ya jeshi yanapatikana wapi? (Msomaji, Arua)

Mimi si afande. Uganda hii mtu akiandika Kiswahili sentensi mbili mnampa cheo na bunduki. Nilikuwa skauti, sasa nina ghala la mbegu.

Panga la jeshi ni panga. Ulilonalo lina shida gani? Umelinoa?

Na yule aliyeomba nimwazime tupa yangu kwa wikiendi moja: hapana. Nunua yako.