Kabla hujamlipa mpiga picha wa harusi, omba kuona harusi moja nzima

Wanaokuja kwangu kwa mara ya kwanza huwa wameshatazama picha zangu kwenye simu, na swali lao la kwanza ni bei. Nawatajia, halafu nawaomba wakae. Nimepiga picha na video za harusi miaka mingi, na ukiwa unajiandaa kufunga ndoa ningependa uje na maswali mazito zaidi ya hilo.

Usichague kwa zile picha kumi na mbili alizoziweka mtandaoni. Kila mmoja wetu anazo. Mtu akipiga harusi mwaka mzima hatakosa picha kumi na mbili za kupendeza, tena nyingi zitakuwa za nje, jua likielekea kuzama, maharusi wametulia. Mwombe akuonyeshe harusi moja nzima kama alivyowakabidhi wenyewe, tangu maandalizi mpaka wageni wanaaga, kisha nenda moja kwa moja kwenye picha za usiku ukumbini. Kazi yake utaijua hapo. Je, nyuso zina chengachenga? Taa za mapambo zimewageuza watu kuwa zambarau? Nyuma ya maharusi ukumbi unaonekana, au ni giza tupu kwa sababu flashi imewapiga usoni? Mzoefu huielekeza flashi kwenye dari au ukuta mweupe ili mwanga urudi umelainika. Lenzi nayo ina mchango wake: namba ya f hupima upana wa tundu lake, na ikiwa ndogo tundu ni pana zaidi. Inayofunguka hadi f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya ile inayoishia f/5.6, na kwenye ukumbi hafifu tofauti hiyo inatosha kumfanya anayecheza atoke wazi au atoke kama kivuli. Huna haja ya kukariri namba. Tazama tu, tena tazama ngozi za watu. Mimi simpendekezi mtu anayewafanya weusi kuwa weupe akidhani anawapendezesha.

Kwa upande wa video, watu huuliza kama ni 4K. Ni kweli 4K ina nukta zinazounda picha mara nne ya video ya kawaida ya HD, ile ya 1080, lakini ningeulizwa mimi, ningetanguliza sauti. Picha yenye giza kidogo inaweza kuinuliwa wakati wa kuhariri. Neno ambalo halikunaswa halirudi.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Katika harusi mojawapo ya mwanzoni mwangu, bibi yake bibi harusi aliinuka ghafla, akamshika mjukuu wake mikono yote miwili, akasema naye kama dakika mbili. Hakuwa na kipaza sauti. Kamera yangu ilikuwa mwisho wa ukumbi, nikitegemea maiki iliyomo ndani yake. Baada ya miezi yule binti alinipigia akaniuliza, “Bibi alisema nini pale? Nilikuwa nalia, sikusikia vizuri.” Niliifungua video nikaisikiliza tena na tena kwa hedifoni. Midomo ya bibi inaonekana ikisogea, vidole vyake vinaonekana vikipapasa pete, na kinachosikika ni vijiko na mlio wa feni. Sikuwa na cha kumpa. Tangu siku ile sitoki bila maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, kinasa sauti cha pembeni, na waya wa kuchukua sauti kutoka kwenye mitambo ya ukumbi. Kwa hiyo muulize wako: sauti unaichukua kutoka wapi? Akikwambia kamera inatosha, endelea kutafuta. Na akikuonyesha video iliyofunikwa muziki mwanzo hadi mwisho, mwombe kipande ambacho watu wanaongea.

Kadi za kumbukumbu huharibika, na harusi hairudiwi Jumamosi ijayo. Kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi, hivyo kila picha inaweza kuandikwa mara mbili papo hapo. Uliza kama yake iko hivyo, kama ana kamera ya akiba, na akiugua asubuhi ile nani atashika nafasi yake. Aliyejipanga hukujibu bila kusita, kwa sababu alishayawaza kabla yako.

Ujue pia ni nani hasa atakayekuja. Kuna wanaouza kwa kazi za bosi halafu siku yenyewe anatumwa kijana usiyemfahamu. Kijana anaweza kuwa hodari, ila uone kazi yake yeye. Vilevile usimkubali mtu mmoja anayesema atapiga picha na video kwa wakati mmoja. Pete ikivikwa atachagua kimoja, kingine kitapotea. Kama ni timu mbili tofauti, wakutanishe mapema wapange nani asimame wapi, la sivyo video yako itajaa mgongo wa mpiga picha.

Mkataba uwe wa maandishi hata akiwa rafiki wa familia: saa za kazi, utakachopokea na lini, malipo ya awali na salio, na kama anaruhusiwa kuzitangaza picha zako. Usilipe zote mwanzoni.

Picha za makundi zipangie muda. Mimi huhesabu dakika tatu kwa kila kundi, kwa hiyo makundi kumi ni nusu saa nzima, na ratiba nyingi hazina nusu saa hiyo. Andika orodha, umpe ndugu mmoja anayewajua watu wote kwa sura awaite. Wazee watangulie, wasisimamishwe muda mrefu.

Siku ya kukabidhiwa, kabla hata ya kuwaonyesha wengine, nakili kila kitu sehemu mbili, moja ikiwa nje ya nyumba yako. Flashi ya USB pekee haitoshi, hupotea na hufa bila taarifa. Kisha itazame video mpaka mwisho, wewe mwenyewe, na ukikuta kitu kimekosekana mpigie siku hiyohiyo. Wengi wetu hufuta mafaili baada ya muda fulani ili kupata nafasi, na muda huo unatakiwa uwe umeandikwa kwenye mkataba.