Mnaenda kumuangalia ndugu yenu akicheza gofu ya watu wenye ulemavu? Yajueni haya kabla ya kuwasha gari

Kama una ndugu anacheza gofu ya watu wenye ulemavu na amekwambia ana mashindano mbali, nenda, usisubiri picha za WhatsApp. Sisi tulitoka Minneapolis, mimi, dada yangu na mwanae wa kiume, huyu mpwa wangu mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti, tukashuka mpaka karibu na Wichita, Kansas, kwenye mashindano yake ya wikiendi. Kuna mambo kule nimeyaona ambayo natamani familia nyingine ziyajue mapema.

Njia yenyewe haina shida, ni barabara kuu ya I-35 hiyo hiyo unakata Iowa, kona ya Missouri, alafu Kansas, jumla kama kilomita 1,000 hivi. Ila msiimalize siku moja kama mchezaji yumo ndani ya gari. Kigutu kikining'inia masaa mengi kinavimba, asubuhi hakiingii vizuri kwenye soketi, kile kikombe cha juu cha mguu wa bandia, na kisipoingia vizuri atacheza kwa maumivu siku nzima na wala hatawaambia. Kwahiyo akinyooshe humo garini, msimame kila baada ya masaa mawili hata kama hakuna anayetaka choo, na mlale Kansas City.

Mkifika Emporia I-35 inaanza kuwa ya kulipia, na tangu Julai 2024 hawapokei keshi kabisa, kamera inapiga picha pleti namba bili inakufuata nyumbani. Sisi tulichepuka pale tukashika barabara ya US-50, haina malipo, inakatisha vilima vya Flint Hills kwenye yale majani ya asili yasiyo na mwisho na ng'ombe wametapakaa, kiukweli ni pazuri sana, alafu inakutoa Newton. Pale Newton ndo kuna Sand Creek Station, kiwanja cha gofu cha umma ambapo U.S. Adaptive Open, mashindano ya taifa la Marekani ya gofu ya watu wenye ulemavu, ilichezwa 2024. Tukasimama kwa ajili ya kijana. Yeye hayo mambo anayo kichwani yote: wachezaji 96, siku 3, mashimo 54, Kipp Popert wa Uingereza mwenye mtindio wa ubongo alibeba taji la wanaume 2023, 2024 na 2025, na Kim Moore, kocha wa timu ya wanawake ya Western Michigan University, aliyezaliwa bila wayo wa kulia, ndo wa kwanza kubeba taji la wanawake mwaka 2022 na akalichukua tena 2025. Akatusimulia amesimama pale pale, mama yake anamuangalia usoni tu. Mkipata sehemu kama hiyo njiani msiipite.

Hoteli: mpigie simu mtu wa mapokezi, usiamini neno lililoandikwa kwenye tovuti. Sisi tuliambiwa chumba kinafaa mtu mwenye ulemavu, tumefika tukakuta bathtabu yenye ukingo mrefu na vyuma viwili ukutani, sasa mtu aliyevua mguu anaurukaje ule ukingo na sabuni mwilini? Uliza hivi: bafu halina ukingo? kiti cha kuogea kipo? Wakisita, tafuta kwingine.

Sasa uwanjani, na hapa ndo nataka kusema zaidi.

Mpwa wangu anapiga kwa mkono wa kulia, maana yake uzito wote mwisho wa pigo unamalizikia mguu wa kushoto, ule wa bandia, ambao kifundo chake hakizunguki kama chako. Kwahiyo anaufungua wayo kwa nje kwanza kabla hajapiga, na kwenye mteremko anaupanga, anajaribu, anaupanga tena. Inachukua muda. Ukiwa huelewi utadhani anahangaika na utatamani kukimbia kumshika mkono. Usiende! Pale hahangaiki, pale anajenga pigo lake, ni kazi aliyoifanyia mazoezi msimu mzima. Dada alinikamata mkono kwa nguvu kwenye shimo moja la mlimani na nikamwambia subiri dada, na kijana akapiga mpira ukatulia katikati ya grini, yale majani mafupi yenye shimo.

Alafu mjue sheria kidogo. Tangu 2023 kanuni za gofu zina Kanuni ya 25 kwa ajili ya wachezaji wenye ulemavu, asiyeona kwa mfano anaruhusiwa msaidizi wa kumpanga aelekee wapi. Lakini ushauri wa kutoka kwa anko aliyesimama pembeni hauruhusiwi, na yeye akikuuliza nipige fimbo gani hapa, huo ushauri aliouomba unaweza kumgharimu mapigo mawili. Kaa kimya. Msaada mnaoruhusiwa kumpa ni kutafuta mpira. Anazo dakika 3 tu tangu utafutaji uanze, kwahiyo tangulieni mbele kule mpira unakodondokea, mmoja kushoto mmoja kulia, macho kwenye majani. Vaeni suruali ndefu, kupe wapo wengi mno.

Julai Kansas inafika nyuzi 35 na zaidi, jasho linajaa ndani ya laina ya silikoni inayovalishwa kwenye kigutu na mguu unaanza kuteleza, kwahiyo bebeni taulo kavu, laina ya akiba, soksi za kigutu na maji ya kutosha, na akitaka kuvua na kujifuta mzibieni kwa mwavuli bila kumzungumzisha. Vigelegele visubiri mpaka mpira umeingia shimoni, na angalia kwanza kama kuna mtu anapiga grini ya jirani. Dada alisubiri mpaka shimo la 18, la mwisho, akavipiga, wazungu wa kundi zima wakamgeukia wanacheka na kupiga makofi, kijana mmoja wa kiti cha magurudumu akaomba arudie.

Na kama ndugu yako anataka kuingia kwenye mashindano makubwa anahitaji pasi ya WR4GD, ile orodha ya viwango vya dunia ya wachezaji gofu wenye ulemavu, ambayo inadai vyeti vya daktari na kupangiwa kundi lake la ulemavu, pamoja na handikapu, yaani namba rasmi ya kiwango chake cha uchezaji. Aanze hayo makaratasi wakati wa baridi, theluji ikiwa bado chini.