Obnam inagoma kuingia kwenye Ubuntu 24.04, na bakapu zetu zote zimo humo

SWALI: Mimi ni mhasibu wa SACCO moja hapa Arua, Uganda, na mambo ya kompyuta yameniangukia. Seva ya zamani ilikufa, tukanunua mpya yenye mfumo wa Ubuntu 24.04. Bakapu za miaka ya nyuma ziko kwenye diski ya nje, zilifanywa kwa Obnam, programu ya bakapu, na kijana aliyetuhudumia kabla hajahamia Juba. Sasa apt, kisakinishi cha Ubuntu, haiijui Obnam kabisa. Pip, kisakinishi cha programu za Python, ilikataa, nilipoilazimisha ikadai maktaba ya cliapp, kisha larch, kisha ttystatus. Nashauriwa nijenge mwenyewe Python 2, toleo la zamani la lugha hiyo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, simama hapo ulipofika. Python 2 usiijenge kwenye seva hiyo.

Kosa si lako. Mtunzi wa Obnam, Lars Wirzenius, alitangaza mwaka 2017 kwamba anaistaafisha. Namheshimu kwa hilo, maana miradi mingi ya programu huria hunyamaza tu, watumiaji wakabaki gizani. Cliapp, larch na ttystatus ni kazi za mkono wake pia, ndiyo maana ukiziba pengo moja linafunguka jingine. Obnam iliandikwa kwa Python 2, iliyoachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, na Ubuntu 24.04 haina tena kifurushi chake. Pip nayo ilikataa kwa sababu nzuri: ukiilazimisha kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, inaweza kufunika maktaba ambazo mfumo wenyewe unazitegemea. Kama seva haijaanza kazi, ipige Ubuntu upya leo. Ni akiba za watu hizo.

Una kazi mbili, na ya kwanza ni kuzisoma bakapu za zamani. Kabla ya yote mpigie yule kijana wa Juba, umuulize kama alizisimba, yaani alizifunga zisisomeke bila ufunguo. Obnam husimba kwa programu ya GnuPG, na ufunguo wake hukaa nje ya bakapu, mara nyingi kwenye folda ya .gnupg ya seva ileile iliyokufa. Ikiwa ndivyo, diski ya seva hiyo isitupwe wala kuuzwa. Bila ufunguo hakuna fundi atakayekufungulia.

Kisha nakili diski nzima ya nje kwenda diski nyingine kwa programu ya ddrescue, ufanye kazi kwenye nakala tu. Kwenye laptopu weka VirtualBox, programu inayoendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), na ndani yake mfumo wa Debian 9, toleo lililokuwa bado na Obnam. Vifurushi vyake vimehamishiwa archive.debian.org, kwa hiyo badilisha anwani kwenye sources.list, faili linaloonyesha vifurushi vinatoka wapi. Ukishaipata Obnam, kata intaneti ya mashine hiyo pepe, kwa kuwa mfumo huo haupokei tena marekebisho ya usalama. Amri ya obnam generations itakuorodheshea bakapu zilizopo. Obnam restore pamoja na --to itazitoa kwenye folda utakayotaja. Usiridhike kuona mafaili. Fungua daftari la wanachama kwenye programu yenu ya hesabu, linganisha salio za watu kadhaa na vitabu vyao vya akiba.

Kazi ya pili ni bakapu mpya. Programu ya Borg ni nzuri, lakini wewe nakushauri restic: ni faili moja linalojitosheleza, halina msururu wa maktaba za Python. Husimba kila kitu daima, jambo linalowasaidia kutimiza Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Ila nenosiri likipotea, data imepotea. Liandikeni kwenye karatasi, moja kwenye sefu, nyingine kwa mwenyekiti.

Tumieni diski mbili za nje, moja ikikaa jengo jingine. Mkitaka na ya mtandaoni, iwe ya tatu. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, na aliyetegemea mtandao peke yake alikaa siku kadhaa bila kufikia bakapu zake. Endesha amri ya restic check kila wiki ikague bakapu, na kila mwezi rudisha faili moja kwa mkono, ulifungue.

Siku ukishawishika na programu nyingine, kabla ya kuipakua tazama toleo la mwisho lilitoka lini, kama wanaoripoti hitilafu wanajibiwa, na kama imo kwenye Debian ya sasa.

Diski ya Obnam usiifute hata ukimaliza. Ifungie kabatini mpaka mkaguzi wa hesabu aseme hana haja tena na miaka hiyo.